Mizunguko Sita ya Kebo

Niliikunjua ile koili mwezi wa kumi na moja kwa sababu kebo haikufika dirishani. Naandika hivyo mwanzoni kabisa, maana kila anayesikia habari hii hutafuta sababu kubwa. Mimi mwenyewe nimeitafuta. Haipo.

Jina langu Isakwisa. Naishi juu ya Uyole, Mbeya, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya viazi yanapoanza. Hapo nimefika uzeeni. Darasa la nne nilimalizia Tukuyu, la tano nilisoma Njombe kwa mjomba, la sita nililisoma nusu. Nimepanga mataruma ya reli, nimechuma chai Mufindi, nimekaa Kitwe miaka minne, nimerudi, nimeondoka tena. Mahali pekee nilipotulia mpaka nikajifunza kitu ni karakana ya misheni moja kule Iringa, ambako Mzungu mmoja mwenye subira alitufundisha redio, mimi na Filemoni.

Filemoni ni Mhehe wa Kihesa, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mtu anayepiga pasi hata shati la kulimia. Sisi wawili tuna leseni za redio za ridhaa, zile za kuongea kwa mapenzi tu bila biashara. Kila Jumapili saa nane mchana, yeye akiwa ametoka ibadani na mimi nikiwa sijaenda, tunawasha mitambo, yeye Iringa mimi Mbeya. Kila mmoja ana antena ya mwelekeo juu ya bomba refu: fito za aluminiamu zimepangwa kama mifupa ya samaki. Unaizungusha kwa mkono. Ukiielekeza Iringa inasikia Iringa, na upande wa mgongo haisikii kitu. Ndiyo kazi yake, kuchagua.

Kwa miaka kumi na moja tulibishana jambo moja: kama antena hiyo inahitaji baluni pale kebo inapoungana nayo.

Nitaeleza kidogo, nisimwache mtu njiani. Antena ina mikono miwili iliyo sawa. Kebo haina usawa huo, ina waya mmoja katikati na wavu kwa nje. Ukiunganisha hivi viwili, sehemu ya mawimbi haikubali kukaa ndani ya kebo, inateremka kwa nje juu ya wavu. Hapo kebo yenyewe inageuka antena, inasikia kivyake na kusema kivyake. Baluni ni ya kuzuia hilo. Zinauzwa, lakini sisi tulifundishwa njia ya maskini: kabla kebo haijafika kwenye kiungo, izungushe mara sita, koili ya ukubwa wa sahani, uifunge kwa mpira wa tyubu. Mawimbi ya nje yakifika pale yanakwama.

Filemoni aliiamini koili kama katekisimu. Alisema antena isiyo na baluni ni mfereji usio na matuta, mpunga wako utapata maji lakini hujui mengine yamekwenda shamba la nani. Nami nilimjibu kwamba mpunga ukiiva hakuna anayeuliza maji. Nilimwambia nimesikia watu wa nchi za mbali wakiongea bila baluni na mita zao zinasoma vizuri. Akasema mita inapima kama mlango uko wazi, haipimi nani ameingia. Tulicheka sana na mambo hayo. Mimi sikuwa na uhakika kama ninayosema ni kweli, nilichopenda ni kubishana naye.

Basi mwezi wa kumi na moja paa la chumba cha mtambo lilianza kuvuja, nikahamia chumba cha upande wa pili. Kebo ikapungua. Ilipungua mita tatu na nusu, na mizunguko sita ya koili ni mita tatu na nusu. Nikapanda, nikakata mpira wa tyubu, nikaikunjua, kebo ikafika dirishani kama iliyopimwa. Mita ikasoma vilevile. Nikasema, umeona sasa.

Filemoni sikumwambia. Nilipanga nikae hivyo mwaka mzima, halafu nimtangazie kwamba mwaka mzima ameongea nami bila koili wala hakugundua. Ungekuwa ushindi mtamu.

Dalili zilikuwepo. Chaja ya sola ya jirani ilianza kukoroma ndani ya redio yangu. Mgongo wa antena, uliokuwa kiziwi, ukaanza kusikia. Na kwenye bomba nilikuwa nimefunga ringi ya baiskeli yenye nyuzi za mwelekeo na alama ya rangi nyekundu ya upande wa Iringa, nimeipaka zamani, lakini kuanzia mwezi ule sauti ya Filemoni ilikuwa kubwa zaidi nikivuka alama hiyo upana wa vidole viwili. Nilisema upepo umesukuma bomba. Nikakaza bolti.

Budeba ni mtu ninayepaswa kumweleza vizuri, na ndiye anayenishinda kumweleza. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao wakahamia bonde la Usangu yeye akiwa wa kubebwa mgongoni. Nilimkuta Igawa miaka ile nikizunguka na begi la vifaa, natengeneza redio za watu barabarani. Alikaa siku tatu ananitazama mikono. Siku ya nne akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, kwamba sauti inapokuwa njiani, kati ya huku na kule, inakuwa wapi. Nikamfundisha. Akapata leseni, akajitafutia mtambo mdogo wa kwenye gari, akawa anaufunga kwenye betri ya pikipiki na kuuweka ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko akienda machungani, maana huko ndani simu haishiki.

Mwaka huu mvua za mwezi wa tatu zilikataa kuisha. Jumanne moja, saa tatu asubuhi, nilikuwa namenya viazi nikasikia mtambo unaniita kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Ni Budeba. Nimevunjika mguu."

Alieleza polepole, kama mtu anayehesabu pumzi. Jumapili maji yalichukua ng'ombe kumi na mmoja, akawafuata kwa mtumbwi. Mtumbwi ukapinduliwa na dume lililokuwa likiogelea, mguu ukabanwa. Akashikilia ndoo ikaelea naye usiku na mchana, mpaka akatupwa kwenye kichuguu. Simu ilikuwa imekufa maji. Kote ni mafunga, yale majani marefu ya kinamasi, na maji, wingu limefunika, haoni mlima hata mmoja, hajui kama yuko upande wa Chimala au wa Igawa. Kati ya pande hizo mbili ni siku nzima ya kupiga kasia. Alisema betri ataitunza, ataita mara moja kila saa.

Nilimpigia Filemoni simu. Alishaelewa kabla sijamaliza. Antena mbili, moja Mbeya na moja Iringa: kila mtu azungushe yake mpaka sauti ya Budeba iwe kubwa kabisa, asome nyuzi, na mistari miwili ikikatana kwenye ramani, mtu yuko hapo. Ramani ilikuwa kwake. Budeba alipoita saa nne, wote tukazungusha. Nikasoma nyuzi zangu, nikampa.

Kabla hajachora akaniuliza, "Koili iko juu?"

"Iko."

Lilitoka hivyo, neno moja. Ningesema haipo angenicheka, na ule ushindi wangu wa mwaka mzima ungeharibika baada ya miezi minne tu. Sikuwaza kitu kingine. Nimekaa na swali hili muda mrefu, kama niliwaza kingine, na naapa sikuwaza.

Mistari ilikatana upande wa Chimala. Sasa Charles, mdogo wake Budeba, alikuwa Igawa tayari, pamoja na vijana wanne na mitumbwi miwili, wanasubiri tu kuambiwa. Filemoni akampigia. Charles alisita, alisema ng'ombe wa kaka yake huwa hawaelekei kule, maji ya huku yanasukuma kwingine. Lakini akasema pia kwamba wazee wa mitambo ndio wanaojua. Wakapakia mitumbwi kwenye fuso, wakaenda Chimala.

Jumatano nzima walipiga makasia na kupuliza filimbi. Walichoma matairi kwenye kisiwa kimoja ili aone moshi. Kila saa Budeba aliita, kila saa nilimwuliza kama anaona moshi, na kila saa alisema haoni, lakini macho yake siku hizi si mazuri, pengine upo. Alinitetea. Saa nane mguu ulikuwa umeanza kunuka, akasema anajifanya ni wa mtu mwingine.

Filemoni akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya mtu anayebisha hodi nyumba yenye msiba.

"Ndugu yangu, pima tena."

Nikapima tena. Nyuzi zilezile. Nikamwambia.

"Na koili ipo, siyo?"

"Ipo, Filemoni. Kwani vipi?"

Akasema basi, alikuwa anahakikisha. Nikakata simu, nikatoka nje nikaitazama antena. Mvua ilikuwa inaninyeshea usoni. Ngazi ilikuwa palepale ukutani. Kazi yenyewe ni nusu saa: ukate mpira wa tyubu, uzungushe kebo, ufunge, halafu mtambo uutoe nje, uuweke kwenye benchi chini ya upenu, maana kebo haitafika tena dirishani. Nusu saa. Lakini nikipanda, na nyuzi zikibadilika, nitampigia Filemoni nimwambie nini? Kwamba jana nilidanganya, na sasa hivi tena? Nikajiambia koili ni mapambo. Miaka kumi na moja nilikuwa nimelisema kwa mzaha, na siku ile, nimelowa, nililisema kwa mara ya kwanza nikitaka liwe kweli.

Nikarudi ndani.

Alhamisi saa moja asubuhi Budeba aliita bila kungoja saa yake. Sauti ilikuwa inazama na kurudi.

"Baba, maji yamepanda kichuguu. Betri nayo ndiyo hii. Mwambie Roza mbegu ya mpunga iko darini, kwenye debe la bluu, asiuze."

Nikamwambia mkewe ataambiwa, na watu wanakuja. Nikamwambia Charles yuko karibu. Sijui kama alisikia. Baada ya hapo ni chaja ya jirani peke yake, inakoroma.

Wavuvi wa upande wa Igawa walimkuta Jumamosi. Hawakuwa wanamtafuta, walikuwa wanatega. Walisema mwili haukuwa na siku mbili, maana yake Alhamisi yote alikuwa hai, na labda Ijumaa sehemu. Filemoni aliniambia hayo kwa simu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba amepachora mahali pale kwenye ramani na pameangukia juu ya mstari wake, sawasawa. Aliishia hapo. Wangu hakuutaja.

Jumapili nilipanda ngazi. Nilizungusha mara sita, nikafunga. Nikatoa mtambo nje nikauweka kwenye benchi. Saa nane Filemoni aliita kama kawaida, nadhani kwa kukosa la kufanya, na mimi nikazungusha antena mpaka sauti yake ikawa kubwa kabisa, nikaenda kutazama bomba. Alama nyekundu ilikuwa inatazamana na Iringa. Vile vidole viwili vya kuvuka havikuwepo tena. Mgongo wa antena ulikuwa kiziwi, na jirani alikuwa amenyamaza. Vidole viwili kwenye ringi ile ni nyuzi saba hivi. Huko bondeni, nyuzi saba ndizo Chimala badala ya Igawa.

Nikamwambia kila kitu. Hewani, ambako yeyote mwenye mtambo angeweza kusikia.

"Nilijua Jumatano," alisema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Ulijibu haraka. Miaka yote hujawahi kunijibu kwa maneno mawili matatu kuhusu ile koili, hubishana mpaka jua linazama. Nikajua haipo. Lakini nilishakuuliza mara mbili, Isakwisa. Mara ya tatu ingekuwa kukuita mwongo, na wewe ni mkubwa kwangu. Nikasema labda nimekosea mimi. Nikauchora tena mstari wako palepale."

Nilitamani anitukane. Nimetukanwa katika lugha sita maishani mwangu, na matusi huisha. Yeye akasema tu kwamba sasa tuko wawili, na kwamba kwa Roza yeye hawezi kwenda, miguu inamkataa. Mimi niende.

Nilikwenda baada ya matanga. Nilishuka Igawa, nikatembea mpaka kwao. Roza, mjane wake, alikuwa uani anapepeta mchele. Akanipa kigoda, akanipa maji, akauliza za Mbeya na kama viazi vimeponea mvua. Nikampa habari ya debe la bluu, akasema ameliona. Kisha nikamweleza. Nilidhani itachukua muda mrefu, kumbe ni maneno machache. Antena yangu ilisikia vibaya kwa sababu nilikunjua kebo. Filemoni aliniuliza nikasema uongo. Charles akaenda Chimala.

Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Ndipo akaweka ungo chini.

"Mita tatu na nusu ni kiasi gani?"

Nikamwonyesha: kutoka mlangoni mpaka pale kwenye mafiga. Alipatazama. Kuku alipita hapo katikati.

"Kama alikuwa hai siku mbili," alisema, "wangemfikia?"

Nikasema sijui. Nikasema antena si dira, hata yenye koili hukosea kidogo, na mguu ule ulikuwa umeshaharibika. Nilisikia sauti yangu inabishana. Nikasema, "Nadhani wangemfikia."

"Nilikuwa na mume aliyechukuliwa na maji," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuzoea hivyo. Wewe umekuja kuutua mzigo wako hapa, babu, unasimama umepumzika. Mimi nitauweka wapi?"

Nikasema nitamwambia na Charles, anifanye atakavyo.

"Charles humwambii." Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni. "Akijua atakuua, anao moyo huo. Wewe umeshazeeka, lakini yeye atafungwa, na hao ng'ombe waliobaki atawachunga nani? Watoto wangu atawalimia nani? Utakaa nayo. Nami nitakaa nayo."

Charles akaja wakati huohuo, kutoka shambani, matope mpaka magotini. Ni mtu mkubwa kuliko kaka yake, ila sura ni ileile, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Aliponiona aliharakisha. Akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuuachia mkono. Akasema alikuwa anataka kuja Mbeya mwenyewe ila nauli na kazi. Akasema usiku halali. Alisema wazee wawili, wenye umri ule, walikesha kwenye mitambo siku tatu kwa ajili ya kaka yake, wakampa mahali, wakamchorea kabisa, na yeye mwenye nguvu zake na mitumbwi miwili hakupaona. Labda alipita karibu naye. Labda ni kwenye yale mafunga ya kushoto ambayo vijana walisema wayaingie, na yeye akakataa.

"Mlinipa mahali," alisema. "Mimi ndiye niliyetafuta vibaya. Unisamehe, baba."

Nilimtazama Roza. Alikuwa ameuchukua ungo tena, anapepeta, pumba zinamrukia usoni na hajifuti.

Charles akaingia ndani. Akatoka na mfuko wa mchele, kilo kumi hivi, ameufunga vizuri mdomoni kwa kamba ya katani. Akasema huu ni wa mzee wa Mbeya, wa mzee wa Iringa atampelekea msimu ujao, Mungu akipenda.

Aliunyoosha kwangu kwa mikono yote miwili. Nikaupokea.